Mvua imekatika, watoto watachezea wapi?

Mvua kubwa ya Lubumbashi kila mkaaji anaijua. Upepo unatangulia, unabeba vumbi na sashe, mbingu inakuwa nyeusi, kisha mabati yote yanapiga kelele mpaka watu ndani ya nyumba wanaacha kuongea kwa sababu hakuna anayemsikia mwenzake. Inaweza kuchukua nusu saa, inaweza kuchukua usiku mzima. Inapokatika, kabla mabati hayajamaliza kudondosha maji, watoto wamekwisha kutoka. Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba, mpaka kartie za mbali za Annexe, ni hivyo hivyo: miguu mitupu, suruali zimekunjwa, mpira wa sashe uliofungwa kwa kamba, wasichana wamejipanga kwa nzango, na kelele za furaha ambazo wakati wa vumbi hazisikiki.

Vumbi hilo si jambo dogo. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kama hakuna mvua katika Lubumbashi. Udongo mwekundu unakauka, malori ya migodi yanaurusha juu kwenye barabara ya Likasi na ya Kasumbalesa, na anayeishi kando ya njia anakohoa asubuhi na jioni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Matokeo waliyotoa mwaka 2009 yalionyesha kobalti na madini mengine kwa wingi usio wa kawaida, hata kwa watoto. Mtoto anameza vumbi kuliko mkubwa, maana anacheza chini, karibu na udongo. Basi mvua inapolalisha vumbi, hewa inakuwa safi kwa siku kadhaa, na mama aliyekuwa anamfungia mtoto ndani anaweza kumwambia: nenda.

Swali ni aende wapi.

Mwenye bahati ana kichuguu karibu. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa kupita nyumba ya vyumba viwili, vingine vinapita mita 5 kwenda juu. Mvua ikishalowesha upande mmoja, kinakuwa mteremko. Mtoto anapasua bidoni ya njano ya mafuta, anaikalia, mwenzake anamsukuma, anashuka mbio mpaka chini kwenye potopoto, halafu anapanda tena. Katika nchi za baridi watoto wanafanya hivyo hivyo juu ya theluji. Ndugu waliopelekwa Kanada na Marekani kutoka kambi za wakimbizi wanatuma video kwa simu: watoto wa Kikongo wamevaa makoti makubwa, wanateleza kwenye kilima cheupe, wanacheka. Watu wa hapa wanazionyeshana na kusema, tazama watoto wanavyoishi vizuri kule. Mtoto wa Katuba akiteleza kwenye udongo wa kwao na bidoni yake, anaitwa mchafu, anaitwa shege, na fimbo inamngoja mlangoni.

Siku hizi hata kichuguu chenyewe kinapungua. Udongo wake ni mzuri kwa matofali, kwa hiyo mafundi wanakichimba mpaka kinaisha, na mahali pake linabaki shimo. Hakuna wa kuwalaumu sana mafundi; nao wanatafuta bukari ya watoto wao. Lakini shimo likijaa maji ya mvua linakuwa kaburi linalongoja mtoto, na hakuna anayewajibika kulifukia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuandika kwamba pale palikuwa mahali pa watu wote.

Kuna starehe nyingine ya baada ya mvua, ya wakubwa na wadogo pamoja. Kumbikumbi, ambao wengi hapa wanawaita inswa, wanatoka ardhini jioni, na watoto wanawafukuza chini ya taa kama taa ipo. Halafu bowa. Kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 2, mwitu wa miombo unaozunguka mji unatoa uyoga wa kila rangi, na mmoja unaoota kwenye vichuguu una kofia inayoweza kukaribia mita 1 kwa upana. Wataalamu wanauhesabu kuwa uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani. Familia zinaamka mapema, zinaingia porini na vikapu, zinarudi saa 4 miguu imelowa. Aliyefika mjini kutoka Mitwaba au Pweto, ambaye katika ofisi anaitwa mtu asiyejua kitu, porini ndiye mwalimu: anajua upi unaliwa, upi unaua, na mti gani unalea upi. Mtoto wa mji anamfuata nyuma, anauliza, anajibiwa. Hicho nacho ni kitu ambacho mvua inatoa bure. Nacho kila mwaka kiko mbali zaidi, kwa sababu mwitu unakatwa kwa ajili ya makala, na anayetoka Ruashi leo lazima atembee mbali kuliko alivyotembea bibi yake kabla hajaona mti uliosimama.

Mara mambo haya yakitajwa, yuko mtu wa kusema: nchi iko katika vita, watu wana njaa, mishahara haitoki, nanyi mnaongelea michezo ya potopoto? Maneno hayo yanaonekana ya hekima. Mara nyingi yanasemwa na mtu ambaye watoto wake wana uwanja wa kuchezea ndani ya ukuta wa parseli yake, au ambao Jumamosi wanapelekwa kuogelea kwenye hoteli. Wa kuulizwa ni wale ambao vita viliwafukuza.

Lubumbashi imepokea wahami wa vita kwa awamu nyingi. Walikuja waliokimbia Mitwaba, Manono na Pweto, pembetatu ambayo watu waliipa jina la kifo, miaka ile ya wapiganaji wa Kata Katanga, ambao Machi 2013 waliingia mpaka katikati ya mji huu. Walikuja waliokimbia mapigano ya Watwa na Waluba katika Tanganyika. Wengine wa Pweto walivuka mpaka mwaka 2017 na kwenda kambini Zambia. Baada ya Goma na Bukavu kuchukuliwa na M23 mwanzoni mwa 2025, wapo watu wa Kivu waliotafuta ndugu mpaka huku. Wengi wao hawakai kambini. Wanakaa kwa ndugu, kwa rafiki wa ndugu, kwa mtu wa kanisa, watu 11 ndani ya vyumba viwili.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkubwa anapewa jembe: anafua, anauza maandazi, anabeba mizigo sokoni, anajilipia nafasi yake. Mtoto hana jembe. Anachoweza kulipa ni kimya chake. Mama yake anamwambia asubuhi mpaka usiku: usipige kelele, tuko kwa watu, usikimbie ndani, utavunja sahani ya watu, usicheke sana, baba mwenye nyumba amechoka. Miezi inapita, na yule mtoto anajifunza kutembea kama mtu anayeomba msamaha. Watu wanamsifu, wanasema ana heshima. Mtoto wa miaka 7 asiyetoa sauti siku nzima, mtu wa kumtazama vizuri angeogopa.

Sasa mvua inapiga, inakatika, na watoto wa kartie wote wanakimbilia kiwanjani. Pale hakuna mwenye nyumba. Anayejua kupiga mpira anaitwa kwa jina la ajabu na anawekwa mbele. Asiyejua anawekwa golini. Anayetoka Bukavu anachekwa kwa Kiswahili chake, naye anawacheka wa Lubumbashi kwa chao, na baada ya goli la pili hakuna anayekumbuka. Potopoto inawapaka wote rangi moja. Mtoto wa muhami anapiga kelele kwa nguvu zake zote na hakuna anayemwambia anyamaze. Katika mji mzima hapo ndipo mahali pekee ambapo yeye si mgeni wa mtu, na hapo ndipo wakubwa wameamua kuuza.

Namna inavyofanyika inajulikana na kila mtu, hata mtoto. Wakati wa kiangazi watu wawili wanakuja na kamba ya kupimia. Wanasema wametumwa. Wiki mbili baadaye nguzo za mipaka zimepandwa pembe nne. Kartie inauliza, inajibiwa kwamba mwenyewe ana karatasi zote. Halafu matofali yanamwagwa katikati ya goli. Wazee wanaandika barua, barua inapokelewa kwa muhuri, muhuri unakauka, na mvua ya kwanza inakuta ukuta. Pengine ni kiwanja cha mpira, pengine ni kipande cha shule kilichokuwa kinatumika saa ya mapumziko, pengine ni bonde ambalo maji ya mvua yalikuwa yanapitia, na hapo hata mnunuzi mwenyewe analia Januari maji yanapoingia chumbani kwake.

Wanaouza wanapenda kusema kwamba ni udongo mtupu, hauna mwenyewe. Sheria ya udongo ya nchi hii, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema kinyume kabisa. Udongo wote ni mali ya Serikali, na hakuna mtu binafsi wa kuuuza. Mtu anapewa haki ya kuutumia tu. Na udongo uliowekwa kwa matumizi ya watu wote hauwezi kugawiwa kwa mtu mpaka kwanza uondolewe katika matumizi hayo kwa njia ya sheria. Kwa hiyo mbele ya kila parseli iliyokatwa katika kiwanja kuna swali moja la ofisini: iko wapi karatasi iliyosema kwamba kiwanja hiki si kiwanja tena, nani aliitia sahihi, siku gani? Waulizwe wakubwa wa kartie, waulizwe wa kadasta. Karatasi ya mnunuzi haitoshi kujibu.

Mji huu unajua vizuri sana kulinda udongo mtupu unapotaka. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na katika miaka ya 1920 Wabelgiji waliwasogeza Waafrika mbali na mji wa Wazungu, kwenye kitongoji cha Albert ambacho leo ni Kamalondo. Kati ya Weusi na Wazungu wakaacha ukanda mtupu wa mamia ya mita, wakasema ni kwa ajili ya afya. Hakuna aliyeruhusiwa kujenga pale. Ukanda ule ulilindwa miaka mingi kwa polisi, kwa ramani na kwa faini, kwa kazi moja tu: watu wasikaribiane. Ni aibu kwamba utawala wa ubaguzi ulipata nguvu ya kuweka udongo mtupu kwa ajili ya kuwatenga watu, na utawala wa wenye nchi unashindwa kuweka nusu hekta kwa ajili ya kuwakutanisha watoto.

Halafu kuna Kamalondo yenyewe. Jina lake linajulikana Afrika nzima kwa sababu ya mpira. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadre wa shirika la Mtakatifu Benedikto kwa ajili ya vijana wa shule yao. Imechukua ubingwa wa klabu za Afrika mara 5, na mwaka 2010 ilifika fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan. Viongozi wote wanapenda kupigwa picha na jezi nyeusi na nyeupe. Uwanja wa Mazembe ni mzuri na ni halali yao. Lakini mtoto hajifunzi mpira kwa kukaa jukwaani. Anajifunza kwenye potopoto, pale mpira unapokwama na mguu unalazimika kufikiri. Mkubwa anayeshangilia Mazembe Jumapili na kutia sahihi ya kukata kiwanja cha Kenya Jumatatu, avue jezi kwanza.

Wanaodhani kwamba hayo ni matatizo ya maskini wasikilize habari ya Toronto. Mji ule wa Kanada una theluji kila mwaka na pesa nyingi. Januari 2024 serikali ya mji ilipiga marufuku watoto kuteleza kwenye vilima 45, ikaweka vibao, na kwenye vilima vingine ikaweka marobota ya majani makavu, ikisema kuna miti, mawe na hatari ya watu kuumia. Wazazi hawakukubali. Walipiga kelele kwenye magazeti na redio, madiwani wakaingia katika ugomvi huo, na wapo waliopeleka watoto wao kuteleza mbele ya vibao vile vile. Watu wenye nyumba zenye joto, wenye televisheni katika kila chumba, waligombana na mji wao kwa ajili ya kilima cha kuteleza. Hawakuona kwamba ni jambo dogo. Na hata pale, kwa ukali wote wa marufuku ile, kilima kilibaki kilima: majira ya joto yakifika watoto watakipanda tena, hakuna aliyekipima na kukiuza.

Kongo nayo ina theluji, kidogo sana, juu ya Ruwenzori, na hata hiyo inayeyuka mwaka baada ya mwaka. Watoto wa Lubumbashi hawaingojei. Wana mvua, na mvua inawatosha.

Hatari zipo, na mzazi anayeogopa si mjinga. Radi inaua, ngurumo zikiwa bado zinasikika, watoto wabaki ndani, na wangoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Nyaya za umeme zinaanguka kwenye madimbwi. Mifereji inafurika na kubeba kila kitu, hata kinyesi cha vyoo vilivyojaa, na kipindupindu hakina urafiki. Mpira wa baada ya mvua ni wa mahali pa juu, penye majani na udongo ulio safi, mbali na mfereji. Lakini hapo hapo ndipo hoja ya waoga inapogeuka. Mtoto anachezea mfereji kwa sababu kiwanja kimeuzwa. Anachezea barabara kati ya magari kwa sababu kiwanja kimeuzwa. Kumfungia ndani siku zote za mvua si ulinzi, ni kifungo, na mtoto wa muhami amekwisha kufungwa vya kutosha.

Tena kuna maji ambayo hayatoki mbinguni. Novemba 2025 maji machafu ya kampuni ya madini ya CDM yalimwagika na kuingia katika makao ya watu hapa Lubumbashi. Watu waliona njia zimejaa maji wakati ambapo hawakutegemea maji. Waziri wa migodi Louis Watum alifika, akasimamisha kazi za kampuni kwa miezi 3. Hiyo ilikuwa hatua, na inafaa isemwe. Lakini mzazi wa kartie zile, mvua ikikatika leo, anatazama dimbwi mbele ya mlango wake na hawezi kujua ni la Mungu au la kiwanda. Mtoto anamwuliza, niende? Hana jibu. Kupima udongo na maji ya mahali watoto wanapochezea, na kutangaza matokeo kwa Kiswahili, kwenye redio, kwa sauti ambayo hata bibi asiyesoma ataelewa, ni kazi ya mamlaka. Isiachwe kwa mama mwenye ndoo.

Kongo ilikubali Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Kifungu cha 31 kinampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza, na hakisemi isipokuwa mtoto wa muhami, wala isipokuwa kama mteja wa parseli amekwisha kulipa. Mashirika yanayogawa maturubai na sabuni kwa wahami yanafanya kazi nzuri. Yangeongeza mipira miwili kwa kila kartie na mtu wa kusimamia kiwanja siku za mvua, gharama yake ingekuwa ndogo kuliko bei ya warsha moja kwenye hoteli.

Mvua zitakwisha Aprili, na kamba za kupimia zitatoka tena mara udongo ukikauka. Kwa hiyo jambo la kudai ni la sasa. Kila mkuu wa komini, katika komini zote 7, abandike kwenye mlango wa ofisi yake orodha ya viwanja vya watoto: viko avenyu gani, upana wake mita ngapi, mipaka yake ni ipi. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Isomwe redioni, jina kwa jina, mara mbili, asubuhi na jioni, ili atakayekuja Juni na kamba yake akute kartie nzima inajua namba. Na mama wa muhami asiye na barua ya nyumba wala ya kazi aweze kusimama pale mlangoni, aweke kidole juu ya mstari mmoja, na kumwonyesha mwanawe mahali pa kwenda mvua ikikatika.